Viputo Visivyokuwamo

Fundi saa alikuwa na jicho moja la kazi na jingine la kutazamia watu. La kazi lilikuwa la kulia, lile lililobeba lenzi miaka thelathini na minne, hata nyusi yake ikazoea kukunjamana yenyewe asubuhi kabla hajanawa uso. Kwa ajili ya jicho hilo wenzake wa Jumamosi walimwita Jicho, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake, ingawa usingemsikia akikiri hata ungembana mlangoni.

Kibandani kwake mtaani jicho hilo halikuwa na kazi tena. Watu siku hizi hutazama saa kwenye simu. Waliomjia walitaka betri, au kufupishiwa mkanda, na wengine walisimama mlangoni kuuliza njia tu. Ukutani zilining'inia saa kumi na moja ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, kila moja ikishikilia wakati wake kwa ubishi. Siku nzima iliweza kupita bila mtu kumuuliza jambo linalotaka akili. Mtu akikaa hivyo kwa miaka, huanza kutafuta mahali pa kuulizwa.

Mahali hapo palikuwa gereji ya fundi meno. Huyu alikuwa mtengenezaji wa meno ya bandia, mnene, mpole, ambaye alipostaafu aliondoka kazini na mashine yake ya kung'arishia. Jirani yake alikuwa dereva mstaafu wa lori la mizigo. Dereva, kila alipopata pancha safarini, utingo akihangaika na jeki, yeye aliokota kijiwe kimoja cha mahali pale akakitia mfukoni. Alistaafu na madebe mawili ya mawe na mke aliyechoka kuyaruka. Siku moja akabeba kijiwe chekundu kwenda kumuuliza jirani kama mashine inayong'arisha meno inaweza kung'arisha jiwe. Ikaweza. Kijiwe kilitoka kikiwaka kama pipi iliyolambwa, na wale wazee wawili wakapiga kelele mpaka mke wa dereva akaja mbio akidhani mtu kakatika kidole.

Fundi saa aliitwa kutengeneza mota ya mashine ilipokwama. Alikuja na bisibisi zake Jumamosi moja, na sasa ulikuwa mwaka wa saba hajaondoka. Walikuwa wameongeza msumeno wa kukatia mawe, ule wa sahani nyembamba unaozunguka ndani ya maji, na magurudumu ya kusagia kuanzia la kukwaruza hadi laini. Walikuwa na birika la chai na viti vinne vibovu. Walikuwa pia na desturi moja, na hiyo ndiyo iliyokuja kumtia fundi saa aibuni.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu akileta jiwe, halitajwi jina kwanza. Linapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja analichovya majini au analilamba kabisa, maana jiwe kavu halisemi ukweli. Likilowa ndipo rangi yake hutoka. Kisha kila mmoja analisifu kwa neno moja. Hata liwe kokoto la kujengea choo, utatafuta cha kusifu. Fundi meno ndiye aliyeiweka sheria hiyo, na aliisema kila mara kwa sauti ileile: "Sifa kwanza, jina baadaye. Siku ile ya kwanza tungeanza na jina, leo kila mtu angekuwa kwake anasikiliza redio." Sifa zikiisha, wote humgeukia Jicho. Hapo yeye huvaa lenzi, hunyamaza kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha hutamka. Ukitaka kujua kwa nini mtu mzima alikuwa akiihesabu Jumamosi kuanzia Jumatatu, ni kwa sababu ya kule kunyamaza.

Dobi aliletwa na dereva. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefua mashuka ya hospitali, mwenye mikono iliyopauka kwa sabuni na sauti ya chini. Dereva alipolazwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri, alikuwa na kijiwe chake cha bahati chini ya mto, na kijiwe kikaenda na mashuka. Dobi alikikuta ndani ya mashine, akapanda ngazi ghorofa tatu kukirudisha, na kabla hajakitoa alikuwa amekipangusa na kukitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Nikajua huyu ni mwenzetu," dereva alisema. "Mtu wa kawaida angekitupa."

Jumamosi alipokuja, alikaa kwenye ncha ya kiti, akafungua kitambaa cha mkono kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na jiwe la kijani, ukubwa wa yai la kuku, lenye ganda la kutu upande mmoja.

"La baba," alisema. "Alikuwa kibarua wa barabara. Walikuwa wanachimba mlima wapitishe njia, likaporomoka miguuni kwake. Mimi nilikuwa nimempelekea chakula. Alisema tuliweke, iko siku."

Kijani kile kilikuwa kikali mno. Wiki iliyotangulia, kijana mmoja wa dukani alikuwa amemletea Jicho kipande cha chupa kilicholainishwa na mto, akiapa ni zumaridi, na Jicho alikuwa bado anajipongeza kwa namna alivyomshusha. Kichwa kilikuwa kimevimba. Basi jiwe halijamfikia hata fundi meno, halijaloweshwa, halijasifiwa, yeye akacheka.

"Dada, hii ni chupa."

Dereva naye akacheka, kwa kuwa Jicho kacheka. Fundi meno alisema, "Jicho, sifa kwanza," lakini alisema akitabasamu. Dobi pia akatabasamu, kama mtu anavyotabasamu akiwa ugenini hajui pa kuweka mikono.

"Baba alisema ni jiwe," alisema.

"Baba hakuwa na lenzi. Tulikate tujue. Chupa ina viputo vya hewa ndani, nitakuonyesha mwenyewe."

Angeweza kulikwaruza kwa sindano ya chuma. Angeweza kusubiri. Lakini mtu anayetafuta ushindi hana subira. Dobi alimtazama fundi meno, fundi meno akatazama birika, na mwisho yule mama akatikisa kichwa kukubali. Msumeno ukalia. Baada ya dakika nane jiwe lilikuwa limegawanyika katikati, nusu mbili zimejaa tope la kijivu.

Jicho alifuta tope kwa dole gumba, akavaa lenzi, akainama.

Hapakuwa na kiputo hata kimoja. Palikuwa na nyuzi, nyembamba, kijani juu ya kijani, zikipindana kufuata umbo la jiwe kutoka ganda hadi moyoni. Ilikuwa akiki. Akiki ya kijani safi, ambayo katika miaka saba yake yote alikuwa ameiona vitabuni tu. Naye alikuwa ameipasua katikati, mahali pabaya kuliko pote, mbele ya mwenyewe, ili acheke.

Nafasi ya kusema kweli ilikuwepo. Ilikuwa ndefu kama kule kunyamaza kwake kwa kila Jumamosi, na wote walikuwa wakimngoja kama kawaida. Akasikia uso unampata moto. Akasikia kinywa chake kinasema:

"Mnaona? Viputo."

Akazitupa nusu zote mbili kwenye ndoo ya mabaki, chubwi, ndani ya maji machafu, kabla mtu hajanyoosha mkono. Nani angeomba lenzi? Jicho alikuwa yeye.

"Basi," alisema Dobi. Akakunja kitambaa kitupu mara nne, akakirudisha kwenye mkoba. Chai alikunywa hadi mwisho, akashukuru, akaosha kikombe chake mwenyewe, akaenda. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili.

Zamu ya kumwaga ndoo siku ile ya msumeno ilikuwa ya Jicho, kwa bahati au kwa laana. Aliingiza mkono topeni akazitafuta zile nusu, akazitia mfukoni kama mwizi wa kuku. Nyumbani alizikwaruzia kioo cha saa mbovu, zikaacha mfereji kiooni. Alijua tayari, lakini alitaka kuumia vizuri. Na hapa ndipo ninapomshangaa binadamu: badala ya kulirudisha, alianza kuling'arisha. Alilipeleka kibandani, akawa analisugua kwa mkono kwenye vipande vya ngozi na ule unga mweupe wa fundi meno, saa baada ya saa, hakuna mteja wa kumsumbua. Alijiambia analitengeneza ili alirudishe likiwa zuri. Baada ya wiki mbili, nusu moja ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, laini, yenye kina, nyuzi zake zikionekana kama kitu kinachopumua. Nayo hakuwa na wa kumwonyesha. Aliifunga kwenye soksi pamoja na mwenzake ambaye hajasuguliwa, akaiweka nyuma ya saa za ukutani.

Jumamosi ya tatu kiti cha Dobi kilikuwa kitupu tena, na fundi meno akaweka kikombe chini kwa nguvu kuliko kawaida yake.

"Tulimkosea yule mama," alisema. "Hasa mimi. Hii gereji ni yangu, sheria ni yangu, na nilinyamaza. Dereva, wewe ulimleta ukamcheka."

Dereva akainama. "Nilicheka, ndiyo."

"Tutakwenda kumwomba radhi, mimi na wewe." Kisha fundi meno akamgeukia Jicho, akamgusa bega kwa upole. "Wewe usijilaumu sana. Ulikosea adabu, lakini angalau ulisema kweli. Chupa ni chupa."

Maneno yale yalimwingia Jicho kuliko matusi. Angetukanwa, angejibu. Sasa alisifiwa kwa kitu ambacho hakukifanya, na mkono mnene wa rafiki yake ulikuwa bado uko begani. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na viti na birika. Akasema anaumwa na kichwa, akaondoka bila kumaliza chai.

Soksi alikuwa ameileta nyumbani siku ile, na mkewe, aliyekuwa akikusanya za kufua, akaimimina kitandani.

"Baba watoto, wanaume wengine wanaficha barua. Wewe unaficha mawe?" Akaliokota lile lililong'aa, akalipeleka dirishani, na mzaha ukamwisha. "Hili zuri. La nani?"

Alimweleza. Alimweleza yote, akitazama sakafu. Walikuwa wameoana miaka thelathini na mkewe alikuwa na ulimi, lakini siku ile hakuutumia.

"Vaa shati safi," alisema, "ulipeleke."

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya hospitali, nyuma ya jiko, na mvuke wake uliilowesha lenzi ndani ya mfuko wa shati. Dobi alikuwa akikunja mashuka na mwenzake, wakisogeleana na kuachana. Alipomwona Jicho alimwambia mwenzake aendelee, akaja akijifuta mikono.

Jicho alikuwa ameandaa hotuba. Ilimpotea. Akafungua soksi, akamwekea nusu zote mbili kiganjani.

"Hapakuwa na viputo," alisema. "Ni akiki. Baba yako alikuwa sahihi. Niliona pale pale, nikasema uongo, kwa sababu nilikuwa nimeshalikata na nimeshacheka. Nisamehe, dada."

Dobi alilitazama lile lililong'aa. Aliligeuza upande mmoja, upande wa pili. Jicho alingoja machozi au kofi. Vyote viwili angevipokea.

"Unajua nilifanya nini jioni ile?" aliuliza Dobi kwa ile sauti yake ya chini. "Nilikwenda kwa mama. Nikamwambia, mama, lile jiwe ni chupa, mtaalamu kalipima. Mama akacheka. Akasema, ndivyo alivyokuwa baba yako, maneno mengi. Picha ya baba alikuwa ameiweka juu ya kabati. Juzi nimekuta ameitia kwenye droo."

Jicho alikuwa bado ameshika soksi tupu.

"Pale kwetu walikuwa wakimwita Mzee Johari," aliendelea. "Si kwa heshima. Akipita na nguo zake za vumbi, watu wanamuuliza, Mzee Johari, kasri umeanza kujenga? Mama aliyasikia hayo miaka ishirini. Sasa kamalizia kuyasikia kwangu." Akafunga nusu mbili kwenye soksi, akamrudishia. "Mimi usiniambie. Twende ukamwambie mama."

Walipofika kwa mama ilikuwa alasiri, watu wote wako nje. Nyumba zenyewe zilikuwa sita, zimeshikana, zikitumia baraza moja refu, na kila mlango ulikuwa na mtu wake: mmoja anachambua mboga, mwingine anaziba tairi la baiskeli, wengine wanapiga soga tu. Mama yake Dobi alikaa mbele ya nyumba ya mwisho, mdogo, mkavu, mikono imetulia mapajani. Dobi alikuwa amemwonya njiani kwamba mama hasikii vizuri. Jicho hakuwa ameifikiria maana yake.

"Shikamoo, mama," alisema akichuchumaa.

"Ee?"

"Shikamoo!"

"Marahaba. Nani huyu?"

"Ni yule mtaalamu wa mawe," Dobi alimwambia sikioni. "Ana neno."

Jicho alisogea karibu, akanong'ona kuwa anaomba radhi, kwamba kuhusu lile jiwe alisema uongo. Bibi akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Ati nini?"

"Nilisema uongo, mama. Jiwe ni la kweli."

"Sisikii, mwanangu. Pandisha sauti."

"Nilisema uongo!"

Anayeziba tairi akanyanyua kichwa. Soga la nyumba ya pili likakatika. Jicho alisikia jasho likimshuka mgongoni ndani ya shati safi. Miaka yote alinyamaza ili watu wamngojee. Sasa baraza zima lilikuwa likimngoja, na angetoa kila alichonacho apate kunyamaza.

Akatoa jiwe. Bibi alilipokea, akalitazama, kisha akatoa ulimi akalilamba, bila haraka, kama mtu aliyemwona mwenzake akifanya hivyo mara nyingi. Kijani kikawaka. Alikaa nalo hivyo. Kidole chake kikafuata uzi mmoja mpaka pale ulipokatika, kwenye ukingo ulionyooka.

"Lilikuwa zima," alisema. "Nani kalikata?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Ili nimcheke mwanao."

Hilo alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kuwa lilikuwa limemtoka lenyewe. Na bibi akaitikia kwa kichwa, amelisikia. Jicho aliliona hilo. Akamtazama Dobi, na Dobi akatazama pembeni. Ndipo akaelewa kwamba bibi alikuwa amemsikia toka ile mara ya pili, labda toka ya kwanza.

Bibi alinyoosha mkono, akaonyesha kule barazani, kwa mwenye baiskeli.

"Nyumba ya tatu bado hawajasikia vizuri," alisema. "Hao ndio waliocheka sana. Simama, mwanangu, uwaambie."

Fundi saa akasimama. Aliwageukia watu asiowajua, mmoja mmoja, kwa macho yote mawili, akapaza sauti mpaka ikamkwaruza koo.

"Mzee wa nyumba hii hakuwa mwongo," alisema. "Mwongo ni mimi."

"Tena," alisema bibi.